Siku niliyompeleka dada Macclesfield

Dada yangu mkubwa ana kifafa tangu akiwa darasa la pili. Aliponitembelea Manchester mwaka 2023, akitokea Tanga, nilimzungusha kote anakozungushwa mgeni: uwanja wa mpira, maktaba kubwa, masoko. Vyote alivitazama kwa adabu. Kilichomshika hasa ni video niliyokuwa nikiiangalia peke yangu usiku mmoja baada ya kula, nikijua yeye kalala.

Walikuwa Joy Division, bendi ya roki ya hapa Manchester, kwenye televisheni ya BBC, Septemba 1979. Vijana wanne waliovaa kama makarani. Bernard Sumner kainamia gitaa, Peter Hook kaishusha besi yake chini karibu na magoti, Stephen Morris yuko nyuma kwenye drami, na mbele yao Ian Curtis, umri miaka 23, anaimba kwa sauti nzito isiyolingana kabisa na umbo lake jembamba. Muziki unapokaza, mikono yake inaanza. Viwiko vinakwenda mbele na nyuma kwa kasi, vidole vimekakamaa, macho yameganda mahali ambapo hapana mtu wala kitu.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, kajitanda khanga yake.

"Mdogo wangu, huyu anaumwa."

Nikamwambia hapo anacheza, ndivyo alivyokuwa akicheza siku zote, na watu walikwenda kwenye maonyesho yao kwa ajili ya uchezaji huo. Hakubishana. Akaketi, akaniomba nirudishe nyuma, akaitazama tena ile mikono.

"Sisemi kaanguka. Nasema anakujua kuanguka."

Nilinyamaza, maana alikuwa kasema kweli tupu. Deborah, mke wa Curtis, aliandika miaka mingi baadaye kwamba uchezaji wa mumewe jukwaani ulikuwa mwigo wenye kuumiza wa yale yaliyompata nyumbani kifafa kilipomshika. Deborah aliishi naye ndani ya nyumba moja. Dada alikuwa kamwona kwa dakika tatu.

Tukakesha. Alitaka kujua kila kitu: katoka wapi, alifanya kazi gani, nani alikuwa akimwangalia. Nikaanza na kazi, kwa sababu ndiyo sehemu ya maisha ya Curtis inayonigusa kuliko zote, na ndiyo wengi wanairuka wakimbilie jukwaani. Alikuwa mtumishi wa serikali. Alizaliwa Stretford mwaka 1956, akakulia Macclesfield, mji wa viwanda vya zamani vya hariri kusini ya Manchester, akaoa akiwa na miaka 19. Kiangazi cha 1976 bendi ya panki ya Sex Pistols ilikuja kupiga Manchester, na katika ule ukumbi mdogo walikuwamo vijana waliotoka wameamua kuwa na bendi zao. Yeye ni mmoja wao. Lakini asubuhi alikuwa ofisi ya ajira ya Macclesfield, akiwatafutia kazi watu wenye ulemavu. Jioni anakwenda mazoezini na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi za mashairi. Wenzake wanapiga, yeye anasikiliza. Wakigusa kitu kizuri bila wao kujua anawasimamisha, anawaambia hapo hapo, rudieni. Kisha anaingiza mkono mfukoni kutafuta maneno yanayokaa. Hakuwa mpigaji hodari wa ala yoyote, na bado wote wanakiri kwamba sikio lake ndilo lililojenga nyimbo zile.

"Na huu anaouimba hapa unasema nini?"

Wimbo wenyewe ni She's Lost Control. Nikamweleza kuwa kwenye ofisi ile alikuwa akifika binti mmoja kutafuta kazi, na binti huyo alikuwa na kifafa. Akaacha kuja. Curtis akadhani keshapata kazi, mpaka alipoambiwa kwamba amefariki. Ndipo akaandika.

Dada akafikiri kidogo. "Kwa hiyo aliandika akijua na yeye anao?"

Hapana. Hilo ndilo linalonishinda kulizoea hadi leo. Alikuwa keshauandika wimbo kabla yeye mwenyewe hajaanza kuanguka. Desemba 1978 walikwenda kupiga London kwa mara ya kwanza, kwenye baa ya Hope and Anchor, na ndani ya gari, usiku wakirudi kaskazini, akashikwa na kifafa. Januari madaktari wakathibitisha. Aprili wakaingia studio ya Strawberry, Stockport, kurekodi albamu yao ya kwanza, Unknown Pleasures, na wimbo wa yule binti ukiwamo. Mwezi huo huo akazaliwa mtoto wake wa pekee, Natalie.

Dada akauliza walimpa dawa gani. Nikamtajia mojawapo, fenobabito, naye akacheka kidogo bila furaha, akaenda chumbani, akarudi na kopo lake. Dawa ile ile. Aliyopewa kijana wa Macclesfield mwaka 1979 ndiyo hospitali zetu nyingi zinatoa mpaka leo, na dada ameinywa karibu maisha yake yote. Akanieleza inavyomfanya: usingizi wa mchana, kichwa kizito, siku nyingine hasira isiyo na sababu, siku nyingine huzuni. Watu waliokuwa karibu na Curtis wamesimulia kwamba dawa zilimbadilisha tabia. Nilikuwa nimeyasoma hayo mara nyingi, na usiku ule yalikuwa yakisemwa na dada yangu kwenye kiti changu.

"Kazikwa wapi?"

Nikamwambia ni karibu, kwa treni haifiki nusu saa.

"Nipeleke."

Tulikwenda Jumamosi. Kutoka stesheni ya Macclesfield tulipanda mji kwa miguu, tukapita ukuta ambako msanii amechora uso wa Curtis mkubwa sawa na ghorofa. Dada akautazama, akaridhika. Kuna mtaa uitwao Barton Street, ilipo nyumba aliyoishi na mkewe na alimofia, na mashabiki hupenda kwenda kuipiga picha kwa nje. Dada alikataa katakata. Alisema pale wanaishi watu, na msiba wa mwenye nyumba wa zamani si wao. Niliona ana haki, tukashika njia ya makaburini.

Kaburi lake ni jiwe la ukingo tu, dogo, liko pembeni ya njia. Limeandikwa jina, tarehe 18-5-80, na maneno Love Will Tear Us Apart, jina la wimbo wao. Mtu asiyejua anaweza kulipita. La mwanzo liliibwa mwaka 2008, hili si lile. Juu yake na kandokando palikuwa na sarafu, vidoko vya kupigia gitaa, maua kwenye chupa, na karatasi iliyotiwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe.

"Hili tu?" dada akauliza.

Nikamweleza kwamba alichomwa, kilichozikwa ni majivu. Akavuta ushungi vizuri, akanyamaza. Sijui alisema nini moyoni na sikumuuliza.

Hapo akafika kijana na mwenzake, kijana kavaa ile fulana nyeusi inayouzwa dunia nzima, yenye mistari myeupe inayopanda na kushuka kifuani. Dada akamkazia macho, akaninong'oneza, "Hicho si kipimo cha kichwa? Nilichofanyiwa Muhimbili, wakanibandika nyaya, karatasi ikatoka hivyo hivyo."

Mchoro ule ni gamba la Unknown Pleasures. Ni mawimbi ya redio kutoka kwenye nyota iitwayo CP 1919. Sumner aliuona kwenye kitabu, msanifu wa michoro Peter Saville akautengenezea jalada. Hauna uhusiano wowote na ubongo wa mtu. Nilimwambia hivyo, naye akasema sawa, lakini mwenye ugonjwa ataona anachokiona. Tangu siku hiyo nami naona hivyo hivyo kila nikikutana na fulana ile barabarani.

Tulikaa kwenye benchi na nikamalizia habari, sehemu ambayo usiku ule sikutaka kuisimulia. Daktari anamwambia mgonjwa wa kifafa alale mapema, aache pombe, aepuke uchovu na taa za kuwakawaka. Curtis aliacha kazi ya ofisini mwaka 1979 ili aishi kwa muziki, na muziki ni kukesha, pombe, safari na taa. Aprili 4, 1980, kwenye ukumbi wa Rainbow, London, waliwasha taa za kuwakawaka akashikwa jukwaani, akapumzishwa, kisha usiku huo huo akapelekwa ukumbi mwingine kuimba na akashikwa tena. Siku chache baadaye alijaribu kujiua. Hata baada ya hapo alipelekwa kwenye onyesho la Bury, akaimba nyimbo mbili tu, na watazamaji wakafanya fujo kwa kuwa hawakupata walichokilipia. Ndoa nayo ilikuwa imevunjika. Mei 18 alijitoa uhai, siku moja kabla ya safari ya Marekani. Love Will Tear Us Apart ulitoka Juni na kufika nafasi ya 13 Uingereza. Albamu ya pili, Closer, ilitoka Julai. Wenzake wakaendelea kwa jina la New Order. Wamesema wenyewe mara nyingi kwamba walikuwa vijana na hawakujua wafanye nini.

Dada alikasirika, si kidogo. Mkono wake wa kushoto una kovu refu la moto, alipoangukia jiko la mkaa akiwa msichana na waliokuwapo wakakimbia, wakiogopa kwamba povu lake litawaambukiza. "Mimi walinikimbia," alisema. "Huyu walimpigia makofi. Wote hatukushikwa mkono."

Wapo wanaosema kifo ndicho kilichozifanya nyimbo zile ziwe kubwa. Nakataa. Unknown Pleasures ilitoka Juni 1979, nakala 10,000 za mwanzo, mwimbaji wake akiwa hai, ana mtoto wa miezi miwili nyumbani na kazi ofisini Jumatatu. Ilikuwa kubwa siku ile ile. Angetunzwa, angetunga nyingine.

Tukiwa stesheni kungoja treni, dada alimrekodia mama ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, mrefu, akimweleza kila kitu tangu video mpaka jiwe. Mama alijibu kabla treni haijafika. Hakuuliza habari za muziki.

"Pole yake mama yake. Na huyo mtoto aliyemwacha mchanga, kakua? Anafanya kazi gani?"

Dada akanigeukia. Nikamwambia mwambie kakua, ni mpiga picha.