Kiatu Ambacho Hakijakauka

Mwezi wa Machi tulikwenda pwani kuoga baharini, na hatukuoga. Nilitumbukiza mguu hadi kifundoni, nikahesabu mpaka kumi na mbili, nikautoa umekufa ganzi. Jua lilikuwa limetuvua makoti tangu asubuhi, ila bahari haiendi mbio na jua. Hupata joto polepole, kwa hiyo huku kaskazini mwa dunia majira ya kuchipua yanapoingia, maji bado yamebeba baridi yote ya kipupwe. Mwenye hamu ya kuogelea na asubiri kiangazi kianze kuisha.

Basi tukabaki kutembea, na ndipo maji kupwa yalipotuteka. Mwezi ulikuwa umetoka kuwa mpevu, na tarehe 20 Machi, siku ambazo mchana na usiku hukaribia kulingana, ilikuwa jirani. Mambo hayo mawili yakikutana, bamvua huwa kubwa kuliko kawaida: maji hupanda sana, kisha hurudi mbali kweli. Ijumaa saa saba kasoro dakika 20 mchana yalikuwa yamejivuta hadi tukaona miamba iliyolala chini siku nyingine zote. Mwani umelala kama nywele zilizolowa. Kwenye kidimbwi cha ukubwa wa beseni palikuwa na kiti cha pweza, rangi ya chungwa, mkono mmoja mfupi kuliko mingine; huenda ulikatika na sasa unaota upya. Nilichuchumaa pale mpaka magoti yakauma. Kilikuwa kinatembea, lakini lazima utulie ndipo ukione kikitembea.

Viatu nilikuwa nimeviacha juu ya jiwe, mahali nilipopaona pa juu kabisa.

"Kaka," mdogo wangu akasema, bila haraka yoyote, "viatu vyako vinaogelea."

Maji yalikuwa yamepita nyuma yetu kwa njia ya mfereji, kimya, wakati sisi tukitazama mbele tukisubiri wimbi. Kimoja nilikidaka. Cha pili nilikifuata hadi mapajani, kwa hiyo mtu akisema sikuingia baharini nitambishia. Mdogo wangu alicheka hadi akakaa chini, akakalia mwani.

Jioni tukasoma ratiba ya maji iliyobandikwa ukutani tulipofikia. Kumbe ilikuwa inatungoja tangu tulipowasili! Kati ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku saa husogea mbele. Jumamosi maji yalifika chini kabisa saa saba na dakika 20, Jumapili saa nane. Tulianza kupanga siku kwa hesabu hiyo, tukilala na kuamka bila kutazama simu. Jumamosi alasiri ukungu ulitua ghafla, hewa ya uvuguvugu ilipopita juu ya maji baridi. Tukaketi kwenye kingo ya mawe tukisikiliza bahari tusiyoiona. Hiyo ndiyo saa ninayoikumbuka zaidi, na hakuna hata picha moja.

Njia ya kurudi haina habari. Tulilala.

Jumatatu kengele ililia saa kumi na mbili kamili, na Jumanne ikalia saa hiyo hiyo, haikusogea hata dakika moja. Nguo zilifuliwa, mchanga ukabaki kwenye mashine. Kiatu kile kimoja nimekianika kwenye upenyo wa dirisha. Kwa nje kinaonekana kimekauka, kina mstari mweupe wa chumvi, lakini mvua ikinyesha kinalowa tena hata bila kuguswa na tone. Chumvi hunywa unyevu wa hewani. Mdogo wangu anasema nikisuuze kwa maji baridi ya bomba. Najua.

Jumanne hiyo, saa tisa na nusu alasiri, tulikuwa kikaoni na mwenzetu akifafanua jedwali lenye safu nyingi. Nikatazama saa ya ukutani. Jiwe letu lilikuwa wazi.