Nyuma ya Kasha la CD

Jana mpwa wangu kafungua gemu ya Switch, mashine ya michezo ya Nintendo, aliyoletewa na baba yake. Ndani kulikuwa na kadi ndogo kama stempu, na upande wa pili vibanio viwili vya plastiki visivyobana kitu.

“Mjomba, hivi vidude vya nini?”

Nikamwambia ni vya kushikia kijitabu cha maelekezo.

“Kijitabu kipi?”

Hapo nikakwama. Maana na mimi nimecheza gemu utoto mzima bila kukishika.

Za kwetu zilikuwa CD za kuchoma kutoka Kariakoo, zimetiwa kwenye kimfuko cha nailoni, jina limeandikwa juu kwa maka peni. Siku tulipoanza gemu ya Metal Gear Solid kwenye PS1, PlayStation ya kwanza, tukafika pale mzee Baker anapomwambia Snake, yule unayemchezesha, kwamba masafa ya redio ya kumpigia msichana aitwaye Meryl yako nyuma ya kasha la CD. Kaka, aliyekuwa akijua Kiingereza kidogo kunizidi, akanitafsiria. Nikageuza kile kimfuko cha nailoni. Nyuma kilikuwa kama mbele.

Kilichotuponza zaidi ni kwamba Baker humohumo anampa Snake diski, basi tukaamini kasha linalosemwa limo humohumo ndani ya gemu. Tukarudi chumba hadi chumba, tukipigwa risasi bure. Mwishowe kaka akashika pedi akawa anajaribu namba mojamoja, mimi nikizitaja kwa sauti, hadi Meryl akapokea: 140.15. Akaiandika ukutani kwa mkaa. Wiki nzima watoto wa mtaani wakawa wanakuja kuusoma ukuta wetu, na mama akihoji wanafuata nini chumbani kwa watu.

Kumbe wengine waliinunua pamoja na kasha, namba iko pale kwenye picha, wakaiona kwa sekunde moja. Na kuna gemu ya NES, mashine ya zamani ya Nintendo, ya mwaka 1990, StarTropics, iliyokuja na barua ya karatasi ndani ya boksi. Unailowesha maji, inatokeza namba 747. Bila hiyo namba, husogei. Hiyo nayo naambiwa tu.

Aprili 2010 Ubisoft, kampuni ya kutengeneza gemu, walitangaza kuondoa vijitabu vya karatasi kwenye gemu zao za PS3 na Xbox 360, wakianza na Shaun White Skateboarding. Walisema ni kwa ajili ya mazingira. Sawa, miti ni muhimu, lakini kuchapa nako si bure, na siku hizi gemu inakufundisha yenyewe kila kitufe, mara nyingine hadi inakera. Niliposoma wazungu wakilalamika, nilicheka peke yangu. Karibuni, sisi huku tuna siku nyingi.

Leo asubuhi nimefungua lile kasha tena. Kwenye vibanio mpwa wangu amebana noti ya elfu moja ya nauli.