Boksi la kupimia sensa za joto la ekzosi: lilipofikia

Najenga boksi la kukaa mahali pa sensa ya joto ya ekzosi, ili kujua kama ugonjwa uko kwenye sensa au kwenye nyaya. Upande wa sensa za ukinzani, zile ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika na joto, umekamilika. Boksi limetoka mezani hapa Tabata, limevuka daraja hadi Kigamboni na kufanya kazi kwenye kijiko (mtambo wa kuchimba) kilichokuwa kimemchosha mwenye nacho. Naandika wakati vipimo bado viko kwenye daftari.

Mitambo ya dizeli ya miaka ya karibuni, ile yenye kichujio cha masizi (DPF), huwa na sensa kadhaa za joto kwenye njia ya moshi: moja kabla ya katalisti (kifaa cha kusafisha moshi), nyingine kabla ya kichujio, nyingine baada yake. Kwa sensa hizo kompyuta ya injini hujua kama masizi yanaungua inavyotakiwa, kazi inayohitaji nyuzi 550 hadi 600 hivi. Sensa moja ikisomeka vibaya, kompyuta hugoma kuanzisha uchomaji. Kichujio kinajaa, injini inapunguziwa nguvu, na mtambo wa kukodisha unalala huku mkopo wake unaendelea kudai.

Kinachoniuma ni hiki: msimbo wa hitilafu unaotolewa na kompyuta ukitaja sensa, inanunuliwa sensa. Lakini msimbo hausemi sensa imekufa. Unasema kompyuta imeona volti isiyoikubali kwenye saketi ile, na saketi ni sensa, nyaya, pini, soketi, pamoja na kompyuta yenyewe. Watu wanalipia sensa ya kuagizwa nje wakati ugonjwa uko kwenye pini ya shilingi chache. Boksi hili nimelijenga kwa ajili ya kutenganisha hayo mawili.

Sensa nyingi za aina hii ni za platini, PT200: omu 200 kwenye nyuzi 0, zikipanda kadiri joto linavyopanda. Ndani ya boksi kuna swichi ya kuzungusha na rezista za usahihi wa asilimia 1 nilizozipata Kariakoo, zikiungwa mbili mbili mfululizo. Omu 220 na 3.3 zinaigiza nyuzi 30. Omu 270 na 6.8 ni nyuzi 100, 390 na 33 ni kama 300, na 560 na 68 zinakaribia 600. Huko juu usomaji unaweza kupishana nyuzi kumi na kitu kwa sababu watengenezaji hawafuati jedwali moja, na kwa kazi hii haina neno. Nafasi mbili za mwisho ndizo ninazozipenda zaidi: moja imekatwa kabisa, nyingine imepigwa shoti.

Hizo mbili zinafanya kazi hivi. Kompyuta hupeleka volti 5 kupitia rezista yake ya ndani, kisha husoma volti inayobaki kwenye sensa. Saketi ikikatika, volti inapanda hadi karibu 5 na msimbo unakuja na FMI 3 (FMI ni namba ya aina ya hitilafu). Ikipigwa shoti, inashuka hadi karibu 0 na inakuja FMI 4. Kwa hiyo naweka boksi mahali pa sensa, nakata, napiga shoti. Msimbo ukibadilika kutoka 3 kwenda 4 kila nikizungusha swichi, kompyuta inaona vizuri na nyaya zinafika.

Sasa Kigamboni. Kijiko kilikuwa na SPN 3246 FMI 3 (SPN ni namba ya kipimo chenye hitilafu), yaani joto baada ya kichujio, volti imezidi. Sensa ilikuwa mpya, na kabla yake iliwekwa nyingine mpya. Kabla sijagusa kitu nilizungumza na opareta, mtu mzima aliyekaa na mtambo ule kuliko fundi yeyote.

“Fundi, kikisimama kinachimba bila shida yoyote. Kikitembea tu, taa hiyo.”

“Kikitembea kwenye mashimo, au hata njia nzuri, mzee?”

“Mashimo. Kikirukaruka.”

Kwangu maneno hayo yalikuwa nusu ya kazi. Sensa iliyokufa haichagui barabara.

Nilimwomba asiwashe injini mpaka nifike alfajiri. Kipimo hiki hakina gharama na sijui kwa nini kinarukwa: ekzosi iliyolala usiku kucha ina joto moja, la hewa, kwa hiyo sensa zote lazima zikaribiane. Nilifungua swichi bila kuwasha. Kabla ya katalisti nyuzi 28. Kabla ya kichujio 27. Baada ya kichujio 68.

Chuma kimoja hakiwezi kuwa na 27 huku na 68 kule kabla jua halijachomoza. Kwa PT200, nyuzi 1 ni kama omu 0.75, hivyo nyuzi 40 za ziada ni omu 30 zilizojiingiza mahali. Nilizima swichi, nikachomoa sensa na kuipima yenyewe: omu 221 na ushee, sawa na nyuzi 28. Sensa nzima.

Nikapachika boksi mahali pake, kwenye nafasi ya 30. Skrini ikasoma 70. Kijana wa karakana akaanza kutikisa mkanda wa nyaya taratibu kutoka kwenye kichujio kuelekea kwenye kompyuta, mimi nikiangalia namba. Boksi halibadiliki, kwa hiyo namba ikicheza ni nyaya. Alipofika kwenye soketi ya katikati, karibu na bano la chuma, namba ilirukaruka kisha ikapotea. Nilihamishia boksi upande wa pili wa soketi ile: 30, imetulia.

Ndani ya soketi pini moja ilikuwa ya kijani na jike lake limepanuka. Mpira wa kuzuia maji haukuwepo. Hewa ya chumvi pamoja na kuoshwa kwa mashine ya presha hufanya kazi hiyo polepole. Tulikata, tukabana pini mpya pande zote mbili, tukaweka mpira, tukahamisha klipu ili mkanda usining'inie kwenye bano. Baridi ikasoma 28. Kisha tukausogeza mtambo mbali na nyasi na magari, tukauamuru uchome masizi ukiwa umesimama. Joto la baada ya kichujio lilipanda likifuata la kabla yake, kama inavyopaswa.

Kwa atakayelazimika kufungua sensa yenyewe: mwagia mafuta ya kulegeza mapema, fungua bomba likiwa vuguvugu, na zungusha nati peke yake. Waya ukizunguka na nati umeua sensa.

Kilichobaki ni upande wa tamokapo, sensa ya nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Mitambo mingine hutumia aina ya K, ambayo haina ukinzani wa maana kuupima. Hutoa kama mikrovolti 41 kwa kila nyuzi 1 ya tofauti ya joto kati ya ncha iliyo kwenye moshi na kiungo, pale nyaya zake zinapoungwa na kifaa cha kusoma, karibu milivolti 25 ikifika 600. Rezista hazitaigiza hilo. Nataka kuunda chanzo kidogo cha milivolti kinachotumia betri, chenye hatua mbili tatu tu, na kufidia joto la kiungo. Mchoro upo, kipimo cha kwanza kitakuwa kwenye jenereta moja Vingunguti.