Ubao wa habari za mtaa: kumbukumbu ya mradi, kuanzia shimo la kwanza hadi masika

Mtaa uko Kinondoni, Dar es Salaam. Nyumba zimebanana, wapangaji ni wengi, vichochoro vya waenda kwa miguu ni vingi kuliko barabara za magari. Habari za mtaa zinapita kwenye kundi la WhatsApp, ambako tangazo la maji linazama chini ya salamu na picha za harusi kabla saa haijaisha. Mlinzi wa usiku, mama wa genge, mzee mwenye simu ya tochi na yeyote aliyeishiwa kifurushi hawalioni kabisa. Kwenye nguzo ya umeme, kwa upande mwingine, bado kulikuwa na kipande cha tangazo la uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, limekauka kama ganda la samaki. Mradi huu uko kati ya hayo mawili: ubao mmoja wenye mlango na kufuli, karatasi 15, na habari ambazo mtu anaweza kuziamini kwa sababu zina tarehe.

Januari, wiki ya 1: mahali na mwelekeo

Ruhusa kwanza, mashimo baadaye. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji waliombwa kwa barua, na mwenye uwanja akatoa kibali cha maandishi. Ubao usisimame kwenye hifadhi ya barabara. Barabara za mijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na kitu kilichojengwa hifadhini kinaweza kuvunjwa siku yoyote. Tumerudi nyuma ndani ya uwanja, kati ya genge na kijiwe cha bodaboda, mahali ambapo watu husimama hata hivyo. Ofisi ya mtaa ilikataliwa kwa sababu moja: mtu huenda pale akiwa na shida, si kila siku.

Mwelekeo ulichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana linakaa kaskazini. Uso wa ubao ukitazama kusini unabaki kivulini miezi hiyo yote, na miezi iliyobaki jua linapita karibu na utosi, kivuli cha bati kinatosha. Ubao unaotazama mashariki au magharibi unapigwa na jua la chini kila siku, na wino hauchukui muda kufifia. Ubaya wa kusini ni upepo wa kusi, unaoanza kushika Aprili, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Tulichagua kusini, tukakubali kwamba kazi kubwa itakuwa kuzuia maji ya ubavuni.

Wiki ya 2: nguzo

Nguzo ni bomba za chuma za mraba, inchi 2 kwa 2, urefu mita 3, mbili. Kila moja imezama sentimita 80, juu ya ardhi ikabaki mita 2.2. Chini ya kila bomba fundi kuchomelea aliweka kipande cha nondo cha sentimita 25, kimekingama, ili nguzo isizunguke ndani ya zege upepo ukisukuma ubao. Juu zimezibwa kwa kibati. Bomba lililo wazi hujaa maji na kuoza kwa ndani bila mtu kujua.

Mashimo ni sentimita 40 kwa 40, kina 80. Shimo la pili lilikutana na bomba la maji la nusu inchi kwenye sentimita 30 tu. Halikupasuka kwa sababu mtaimbo ulikuwa umewekwa kando na kuchimba kukaendelea kwa sepetu taratibu. Mijini chimba hivyo daima: sentimita 50 za kwanza ni za mkono, mabomba ya majumbani yamefukiwa juujuu. Shimo lilisogezwa sentimita 35, na upana kati ya nguzo ukapimwa upya.

Zege ni moja kwa mbili kwa nne. Kwa mashimo yote mawili: ndoo 3 za saruji, 6 za mchanga, 12 za kokoto, ndoo zikiwa za lita 20. Saruji hiyo inatoka kwenye mifuko miwili ya kilo 50 na inabaki kidogo. Maji yalikuwa ndoo 2, yakimwagwa kidogokidogo. Zege likitiririka kama uji limeshapoteza nguvu. Juu limeinuliwa sentimita 5 kupita ardhi na kutelemshwa pembeni, kwa sababu chuma huanza kuoza pale pale kinapokutana na udongo. Gunia lenye maji lilikaa juu kwa siku 7, na hakuna kilichofungwa kwenye nguzo kabla ya hapo. Timazi ilipimwa pande mbili za kila nguzo wakati zege bado bichi. Baadaye ni majuto.

Wiki ya 3 na ya 4: sanduku

Mchoro wa kwanza ulikuwa sentimita 120 kwa 90, na ulikuwa mbaya. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, tatu zikipangwa juu na chini ni 89.1, haibaki hata nafasi ya kidole. Plaiwudi moja ni 244 kwa 122, basi tukaikata katikati: 122 kwa 122, unene milimita 18, ile isiyoogopa maji. Fremu ikishakula pembeni, ndani kunabaki 118 kwa 118. Karatasi 5 upande, 3 kwenda chini, nafasi ya sentimita 2 kila mahali, na juu kunabaki 20 za jina la mtaa. Ukingo wa chini uko sentimita 85 kutoka ardhini, ili mtoto na mwenye kiti cha magurudumu wasome safu ya chini bila kuomba msaada.

Kingo za plaiwudi ndizo mdomo wa maji. Zilipigwa msasa, praima mara mbili, rangi ya mafuta mara mbili, kabla ya kufunga chochote. Skrubu zote ni za chuma cha pua. Zile za kawaida zilizojaribiwa kwenye kipande cha mbao zilitoa machozi ya kutu ndani ya wiki tatu. Huku pwani hewa yenyewe ina chumvi.

Pini za kubania hazikutufaa: zinashika kutu, zinadondoka, na mtoto peku anazikanyaga. Badala yake, juu ya plaiwudi kuna bati bapa lililopakwa rangi nyeupe, na karatasi zinashikwa kwa sumaku. Sumaku zilitoka kwa fundi friji: ndani ya raba ya mlango wa friji bovu kuna utepe mweusi laini, huo ndio sumaku. Unachana raba kwa wembe, unavuta utepe, unakata vipande vya sentimita 3. Mlango mmoja unatoa vipande zaidi ya 80. Nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo kila karatasi inahitaji vinne, na rangi ya bati iwe nyembamba. Koti la tatu la rangi lilifanya vipande vianze kuteleza, ikabidi likwanguliwe. Ukienda dukani, nenda na sumaku mfukoni. Bati la alumini halishiki kitu.

Mlango ni pleksi, plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, ya milimita 4. Kwa ukubwa huu ina uzito wa karibu kilo 7, wakati kioo cha milimita 5 kingefika 18 na kikipigwa na mpira wa watoto kingekuwa visu. Imegawanywa milango miwili, kila mmoja na bawaba tatu, maana mlango mmoja mpana huinama kwa uzito wake. Kosa lilikuwa kwenye matundu. Pleksi inatanuka kwa joto: mita 1.2 inaongezeka karibu milimita 2 hali ya joto ikipanda digrii 25. Tulitoboa matundu ya milimita 4 kwa skrubu za milimita 4, tukakaza kwa nguvu. Siku ya nne yenye jua kali, kona ya chini kushoto ilitoa ufa wa urefu wa kidole. Kipande kipya kina matundu ya milimita 7, washa ya raba, na skrubu inayokazwa mpaka iguse tu. Usifutie pleksi kwa thina wala spiriti, inafanya ukungu wa nyufa ndogondogo. Maji, sabuni na kitambaa cha pamba, basi.

Februari: umande ndani

Sanduku lilizibwa vizuri kwa silikoni, na hilo ndilo lililoliharibu. Kila asubuhi kulikuwa na ukungu nyuma ya pleksi, karatasi zimejikunja. Hewa yenye unyevu ilinaswa ndani, ikapoa usiku, ikageuka maji. Dawa ni matundu 4 ya milimita 12 kwenye ubao wa chini, yakitazama ardhi, na 4 chini ya bati la juu, yote yakiwa na wavu wa mbu. Matundu ya usoni ni kosa; mvua ya upepo itaingia. Tangu hapo ukungu unaondoka kabla ya saa 2 asubuhi.

Karatasi zinatoka kwa mashine ya wino wa unga, si ya wino wa maji. Tone moja kwenye wino wa maji na jina la marehemu linakuwa doa la buluu, jambo ambalo familia haistahili. Kichwa cha habari pointi 48, maelezo pointi 20 au zaidi. Stesheneri yoyote inaweza.

Machi: habari zenyewe

Hapa ndipo mradi ulipoanza kuwa mgumu, na hapa ndipo pa kuweka nguvu. Kila karatasi ina mstari mmoja chini: *Imewekwa tarehe… Itolewe tarehe…* Isiyo na mstari huo haiingii, hata ikiletwa na mkubwa gani. Kaunta buku linalokaa gengeni linaandika nani ameleta, nini, na lini kitoke. Funguo ni tatu: ofisi ya mtaa, genge, na kijiwe cha bodaboda. Ulipokuwepo ufunguo mmoja, tangazo la msiba lilisubiri nusu siku mwenye ufunguo arudi kutoka Kariakoo.

Saa ndiyo makosa makubwa kuliko yote. Taarifa ya maji ilikuja imeandikwa 8:00 PM. Aliyeinakili ubaoni akaandika "saa 8 usiku". Watu waliweka ndoo, wakalala, wakaamka usiku wa manane; maji yalikuwa yametoka saa 2 usiku na kukatika kabla ya saa 6. Nyumba zisizo na tangi zilinunua madumu kesho yake kwa sababu ya tarakimu moja. Sasa kila saa inahesabiwa mara mbili na watu wawili: 20:00 ni saa 2 usiku, 14:00 ni saa 8 mchana, na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku haliachwi kamwe. "Jumanne" peke yake nayo hairuhusiwi; ni Jumanne tarehe ngapi? Hata ratiba ya mgao inayojirudia ina tarehe ya mwisho, ikifika inatolewa na kuulizwa upya, kwani ratiba iliyobadilika kimyakimya ni mbaya kuliko kutokuwa na ratiba.

Misiba ina nafasi yake, safu ya juu kushoto, na haichukuliwi na kingine hata ikiwa tupu. Jina la marehemu, ni ndugu wa nani, msiba uko wapi, mazishi saa ngapi na makaburi gani. Sababu ya kifo haiandikwi. Familia ndiyo inayoamua karatasi itoke lini.

Vyumba vya kupangisha vilitaka kuumeza ubao. Ndani ya wiki mbili karatasi 9 kati ya 15 zilikuwa za madalali. Sasa nafasi ni 2, siku 7, na bei ya mwezi lazima iandikwe pamoja na miezi inayotakiwa mbele. Dalali asiyetaka kuandika bei, karatasi yake haibandikwi.

Vitambulisho vilivyookotwa: jina la kwanza, herufi ya kwanza ya ukoo, na "kipo ofisi ya mtaa". Namba haiandikwi, picha haibandikwi, kwa sababu namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, mikononi mwa tapeli ni hatari. Namba ya simu ya mtu inawekwa kwa idhini yake tu; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka hivyo, na heshima ilikuwa inataka hivyo kabla yake. Kwa sababu hiyohiyo iliombwa orodha ya wasiolipa mchango wa ulinzi shirikishi, ikakataliwa. Kilichobandikwa ni jumla iliyokusanywa, matumizi yake, tochi na betri zikiwamo, na baki. Karatasi hiyo ndiyo inayosomwa kwa vidole, mstari kwa mstari.

Aprili na Mei: masika

Bati la juu lilitokeza sentimita 20. Kusi ilipopiga, maji yaligonga pleksi moja kwa moja na kupenya kati ya milango miwili. Limeongezwa hadi 35, na kibanzi cha mbao chenye raba kimewekwa kufunika mwanya wa katikati. Skrubu za bati zilivuja pia, kwa kuwa zilipigwa bondeni mwa mkunjo. Zipigwe mgongoni.

Mchwa walifika Mei. Chuma hawali, ila wanajenga njia ya udongo juu yake mpaka wafikie mbao. Ilionekana ikiwa imepanda sentimita 60 kwenye nguzo ya kulia. Imebomolewa, nguzo ikasuguliwa, na dawa ikamwagwa kuzunguka zege. Tarehe 1 ya kila mwezi nguzo zinakaguliwa mpaka chini.

Juni: yaliyobaki

Ufunguo wa bodaboda umepotea, kufuli linabadilishwa Jumamosi tarehe 14. Bawaba ya juu ya mlango wa kulia imeanza kulia, inahitaji grisi. Taa ndogo ya sola imeombwa na wanaorudi kazini baada ya saa 1 jioni, na mahali pake pamepimwa chini ya bati, sentimita 10 kutoka ukingo, ili mwanga usirudi machoni kupitia pleksi. Safu ya chini ina nafasi 2 wazi.