Tulivyofanya faili zihame haraka kati ya kompyuta za nyumbani

Ruracio moja (sherehe ya mahari) ya Jumamosi huniachia takriban gigabaiti 200 za video. Kuhariri nahariria chumbani, kwenye kompyuta yenye SSD ndogo (diski ya kasi isiyozunguka), kisha kila kitu sharti kihamie kompyuta kuukuu iliyo sebuleni, ambayo mimi na mdogo wangu tumeifanya ghala. Yeye ni wa picha, mimi ni wa video. Zamani kuhama huko kulikuwa kunakula usiku kucha, na stima ikipotea alfajiri tunaanza upya. Siku hizi ni kama nusu saa. Naeleza tulivyofika hapo kwa sababu wenzangu wengi wa kazi hii jijini Nairobi wanatia pesa pasipo na shida.

Wanazitia kwenye kifurushi cha intaneti. Mtu anaona faili zinatambaa, anapanda kutoka megabiti 20 hadi 40, na zinatambaa vilevile. Lakini faili inayotoka chumbani kwenda sebuleni haitoki nje ya nyumba. Inafika kwenye ruta na kugeukia hapo hapo. Hata intaneti ikikatika kabisa, itahama tu.

Jambo jingine ni hesabu. Baiti moja ni biti 8. Vifaa vya mtandao huuzwa kwa megabiti, ilhali kompyuta ikinakili faili huonyesha megabaiti. Kwa hivyo njia ya megabiti 100 kwa sekunde haipitishi zaidi ya megabaiti 12.5, na ukitoa nafasi inayoliwa na usafirishaji wenyewe unabaki na 11 hivi. Gigabaiti 200 kwa mwendo huo huchukua saa 5. Kwenye gigabiti 1 unapata megabaiti 110 hivi, na mzigo uleule unaisha kwa nusu saa.

Tulianza kwa kupima, na hapa ndipo ningemsihi kila mtu aanzie. Kuna programu ya bure iitwayo iperf3. Unaiwasha kompyuta moja ipokee, nyingine itume, nayo hupitisha data bila kugusa diski. Inakuambia hali ya mtandao peke yake, na usipotenganisha mtandao na diski utanunua vitu kwa kubahatisha.

Kwenye waifai ilitupa megabiti 35. Katika ghorofa letu hapa Umoja karibu kila nyumba ina ruta yake, na bendi ya gigahezi 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Majirani wote wanazigombania. Tena kompyuta zote mbili zikiwa kwenye waifai, kila kipande cha data husafiri hewani mara mbili, kwanza kwenda kwa ruta kisha kutoka kwa ruta, kwa hivyo kasi inagawanyika. Bendi ya gigahezi 5 ilikuwa na nafuu, lakini kuta zetu ni za mawe na mawimbi yake huchoka yakizipita. Simu ibaki kwenye waifai. Mashine ya kazi nataka iwe kwenye waya.

Nikashuka Luthuli Avenue kununua waya wa mtandao. Muuzaji akanitolea boksi.

“Hii ni Cat6, sista, na bei iko chini.”

“Nikwangulie ncha kidogo nione ndani.”

Akakwangua kwa wembe. Chini ya rangi ya shaba palikuwa peupe: alumini iliyopakwa shaba. Waya wa namna hiyo hukatika upesi ukipindwa na hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Hakubishana nami, akaleta mwingine. “Basi chukua huu, shaba tupu, lakini utaongeza kitu.” Niliongeza. Ulikuwa Cat5e, daraja la waya lililo chini ya Cat6, nao unatosha gigabiti 1 hadi mita 100; kwa nyumba ya vyumba viwili huhitaji zaidi ya hapo. Tukaupitisha juu ya fremu za milango.

iperf3 ikasema megabiti 94. Ishike namba hiyo. Ukiona 94 au 95, jua kuna kitu cha megabiti 100 njiani. Kwetu kilikuwa ruta yenyewe: matundu yake ya waya hayapiti hapo, hata waifai yake iwe ya kisasa vipi. Hakukuwa na haja ya kuibadilisha. Tulinunua swichi ndogo ya gigabiti, yaani kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwa waya, yenye matundu matano, tukachomeka kompyuta zote mbili humo, na waya mmoja ukatoka kwenye swichi kwenda kwa ruta kwa ajili ya intaneti. Kompyuta zinaongea kupitia swichi, na ruta haiguswi.

Bado 94! Tukafungua mipangilio ya mtandao kwenye kila mashine: ya chumbani ilionyesha 1000, ya sebuleni 100. Ndani ya waya mna nyuzi nane. Mwendo wa megabiti 100 unatumia nne tu, zile za nafasi ya 1, 2, 3 na 6, bali gigabiti inataka zote nane. Uzi mmoja usipogusa vizuri, vifaa hujishusha kimyakimya hadi 100, na kwa kuwa intaneti inaendelea kufanya kazi, huwezi kushuku chochote. Mdogo wangu alikata kichwa cha waya, akapanga nyuzi upya: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Akabana. Namba ikaruka hadi 940. Tulishangilia mpaka jirani akabisha mlango.

Mtandao ukiwa sawa, diski ndiyo inayojitokeza. Video zilianza kwa kasi kisha zikashuka hadi megabaiti 35, kwa sababu diski ya nje ya sebuleni ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la USB 2.0. Kuihamishia tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi huwa la buluu, kulimaliza hilo bila gharama yoyote.

Folda za picha ndogondogo ni habari nyingine. Faili elfu kumi huenda polepole hata kwenye waya mzuri, maana kila moja inataka kufunguliwa, kuandikishwa na kufungwa. Mdogo wangu huzifunga kwanza ziwe faili moja ya zip bila kuzibana, kwani JPEG, aina ya faili ya picha zetu, tayari imebanwa. Zile asizotaka kufunga huzihamisha kwa robocopy, programu ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, akiongeza /MT ili inakili nyingi kwa mpigo. Mimi kwa video kubwa hutumia /Z, na stima ikipotea katikati inaendelea ilipoachia.

Kuna vifaa vya gigabiti 2.5 sasa, na nimeulizwa kama nitavinunua. Bado. Diski ya kuzunguka iliyo sebuleni haiandiki kwa kasi inayozidi sana ile ya mtandao tulio nao, kwa hivyo pesa zitakazopatikana msimu huu wa harusi zitaanzia kwenye diski.