Mahandaki ya Baba

Baba alifariki mwezi wa Machi. Novemba nilikata tiketi ya treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, kwa sababu ambayo nilimweleza mke wangu peke yake, tena kwa aibu kidogo: nilitaka kuhesabu mahandaki. Mwaka 1971, akiwa kijana wa miaka ishirini, baba alikuwa mmoja wa maelfu ya vibarua waliojenga reli hiyo pamoja na Wachina, na maisha yake yote alishikilia kwamba reli nzima ina mahandaki 22. Kaka yangu alimpinga kila mara, si kwa kuwa alikuwa na hesabu nyingine, bali kwa kuwa alipenda kumwona akiwaka. Jibu la baba lilikuwa lile lile: “Wewe ulishika sururu?”

Shuleni tulifundishwa kwamba reli hiyo ya kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ilikusudiwa kuipa Zambia njia ya kusafirishia shaba yake hadi baharini bila kupitia Rhodesia wala Afrika Kusini. Hayo baba hakuyagusa kabisa. Yeye alisimulia matope, baruti, na fundi mmoja wa Kichina aliyekuwa akimwonyesha kazi kwa vidole kwa sababu hawakuwa na lugha moja. Nilipokuwa na miaka kumi alinipeleka Gongo la Mboto, kwenye makaburi ya Wachina waliofia ujenzini, akasimama muda mrefu mbele ya safu za mawe bila kutamka neno, nami nikawa namvuta mkono nikilalamikia jua.

Usiku wa kwanza sina mengi ya kuueleza, nililala. Alfajiri, treni ilipokuwa Mlimba, nilishuka kitanda cha juu nikakaa dirishani na daftari, maana ni kuanzia hapo reli inapoanza kupanda milima kuelekea Makambako, zaidi ya mita 1,000 juu, na sehemu hiyo ndiyo iliyowatesa wajenzi kuliko nyingine zote. Safari yangu ilikuwa inaishia Mbeya, kwa hiyo hata hesabu yenyewe isingekamilika, lakini nilikuwa nimekwisha kujiahidi.

Handaki la kwanza lilikuja bila kutangulizwa na dalili yoyote. Mwanga ulikatika, mngurumo ukajaa chumbani, na harufu ya dizeli ikaingia kabla mzee aliyekaa mbele yangu hajawahi kupandisha kioo. Ukuta wa mwamba ulipita karibu mno, umelowa, na kwa sekunde chache niliona, au nilidhani nimeona, alama za vyuma zilizoachwa na watu. Tulipotoka nikachora mstari mmoja daftarini.

Mzee yule alikuwa fundi cherehani aliyekuwa akienda kumwona binti yake. Alikuwa na tabia iliyonifurahisha: tukiingia handakini alinyamaza katikati ya sentensi, na tukitoka aliendelea kutoka neno lile lile alilokuwa ameliacha, kama mtu aliyeinua mguu kwenye pedali kisha akaurudisha. Kwenye mstari wa tano aliniuliza ninaandika nini. Nikamwambia nahesabu mahandaki.

“Nani amefariki?” akauliza.

Nilishangaa, kwani sikuwa nimemtaja mtu.

“Mtu haweki hesabu hivyo kwa ajili yake mwenyewe, mwanangu. Mimi huu ni mwaka wa nne tangu mke wangu aondoke, na bado nikimaliza suruali nainyoosha juu ya meza, namwuliza kama mshono umenyooka.”

Basi nikaanza kumweleza habari za baba. Nilimweleza sururu, yule fundi wa vidole, hata lile jua la Gongo la Mboto ambalo sikuwahi kumsimulia mtu. Giza lilikuja na kuondoka mara nyingi, nasi tukawa tunanyamaza na kuendelea. Nilipotazama daftari, mistari ilikuwa tisa, na milima ilikuwa imekwisha kutuachia nyanda za juu, zenye baridi na misonobari.

“Nimekuharibia hesabu,” akasema mzee.

“Hapana, mzee.”

Alishuka Makambako. Nilimpitishia begi lake dirishani, akalipokea, akapiga hatua mbili, kisha akarudi.

“Kwa hiyo ni mangapi?”

“Ishirini na mawili,” nikamjibu.

Akatikisa kichwa kukubali, kama fundi aliyepewa kipimo, akaondoka zake.