Deni la marehemu

Mwisho wa kikao cha sita, dadu zikiwa bado mezani, niliwauliza wachezaji wangu wanne: hivi hadithi yetu inahusu nini? Anayecheza askari akasema tunawinda mazimwi. Anayecheza mtawa akasema tunatafuta njia ya kutoka bondeni. Mwizi akasema anasubiri nimwambie nani wa kupigwa. Mganga wa mitishamba, ambaye kwa kawaida ndiye msemaji kuliko wote, akainua mabega na kuendelea kukusanya karatasi zake.

Usiku huo usingizi ulinipa shida, maana msimulizi ni mimi.

Kwa ambao hawajawahi kucheza michezo hii ya kuigiza mezani: kila mchezaji anaigiza mhusika mmoja, msimulizi anaigiza dunia yote iliyobaki, na jambo likiwa na mashaka dadu ndiyo inayoamua. Kampeni (si ya kura hii) ni vikao vingi vinavyofuata hadithi moja, pengine kwa miezi. Yangu ni ya kutisha, ya kigothiki: kasri juu ya ziwa, ukoo mmoja wa mabwana, bonde ambalo ukungu wake hauondoki. Humo nilitia kila nilichowahi kukipenda. Watu wanaogeuka mbwa mwitu. Kinu chenye mzimu. Daktari anayeshona maiti. Bibi harusi anayelia ngazini. Picha ya ukutani inayozeeka. Kila kimoja kilitisha kwa zamu yake, na vyote kwa pamoja vilikuwa stoo.

Kesho yake nikafungua daftari nikaandika DHAMIRA KUU kwa herufi kubwa, kama kwenye mtihani wa fasihi. Chini yake: giza. Nikafuta. Kifo. Upweke. Laana. Maneno mazuri, lakini hakuna hata moja lililonisaidia kuamua chochote. Je, mbwa mwitu wanafaa kwenye kampeni ya "giza"? Wanafaa. Bibi harusi je? Anafaa. Hata paka mweusi anafaa. Neno linalomkaribisha kila mgeni halinisaidii kusafisha stoo.

Nilikuwa nimechanganya dhamira na hali. Ukungu, mishumaa, mlango unaolia, hiyo ni hali, na hiyo naijua. Nilikuwa nimeshasoma hoja ya Ann Radcliffe, mwandishi wa riwaya za kigothiki, katika insha iliyochapishwa mwaka 1826 baada ya kifo chake, kwamba kuna hofu inayoipanua nafsi na kuna kitisho kinachoigandisha. Imenifunza mengi: kuchelewesha, kutoonyesha, kuacha hatua za miguu zisikike bila mwenye miguu. Ila ni elimu ya namna ya kutisha. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye swali la kutisha kwa ajili ya nini.

Kilichonikwamua ni moduli (hadithi iliyoandaliwa tayari kwa msimulizi) ya zamani ya Ravenloft, ya mwaka 1983, ya Tracy na Laura Hickman. Mchezo huo una jambo la ajabu: wachezaji wanapigiwa ramli ya karata, na karata hizo zinaamua silaha muhimu zimefichwa wapi, Strahd mwenyewe, mnyonya damu mwenye kasri, atakutwa wapi, hata anataka nini safari hii. Ukiucheza mara mbili unaweza kupata mambo mawili tofauti. Lakini kuna kitu karata hazikigusi. Strahd alimuua ndugu yake siku ya harusi kwa sababu alimtaka bibi harusi, na yule mwanamke akajirusha kutoka ukutani kuliko kuwa wake. Hilo halihami. Kasri lote limejengwa kulizunguka kidonda hicho.

Basi nikajiuliza: kwangu, nikichanganya karata zote, nini kinabaki mahali pake?

Jibu halikuwa kwenye madokezo yangu. Lilikuwa kwenye daftari la askari. Huyu mchezaji ana tabia ya kuandika kila kitu, na nilipomwomba daftari lake nikakuta ukurasa mzima wa hesabu ambayo sikumwagiza: tunadaiwa na nani, tunamdai nani. Mwenye kinu, vipande sita vya fedha. Daktari, "fadhila moja". Hapo nikakumbuka kikao cha nne, pale mganga alipotumia karibu dakika arobaini akibishana na mwenye kinu juu ya mjane mmoja aliyekuwa akifanyishwa kazi kwa deni la mumewe. Nilikuwa nimemweka mjane yule pale ili aelekeze njia tu! Mwenye kinu alisema dawa ya deni kulipa, na mwizi, kwa utani wake wa kawaida, akamuuliza: "Sasa mzee, na kama aliyekopa ameshazikwa?"

Meza ilicheka. Mimi nilikuwa nikitazama saa, nikiwaza mbwa mwitu wangu watatokea lini.

Lile swali la mwizi ndilo nililoliandika chini ya DHAMIRA KUU: deni la marehemu linalipwa na nani? Ghafla ukoo wa kasri ukapata maana. Babu wa bwana wa sasa aliomba kitu kwa kilichomo ziwani, malipo yakapangwa kizazi cha tatu, na mjukuu, badala ya kulipa, anawalipisha watu wa bondeni. Si wazo jipya, najua. Riwaya ya Horace Walpole ya mwaka 1764, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hii, inaanza na kijana anayepondwa na kofia kubwa ya chuma siku ya harusi yake, na mzizi wa yote ni dhambi ya babu wa baba yake. Sikuona aibu kurithi wazo lenye umri huo.

Kisha nikaanza kufukuza. Mbwa mwitu walitoka, na iliniuma, maana nilikesha siku tatu nikichora ramani ya mapango yao. Mzimu wa kinu ukawa yule mume, anayesaga usiku ili kupunguza deni. Daktari alibaki: alinunua uhai wa mtu wake kwa uhai wa mwingine, na sasa anashona akitafuta namna ya kurudisha. Bibi harusi nilimtafutia deni wiki nzima nikashindwa. Naye akaenda.

Kabla ya kuendelea niliwauliza wachezaji, mmoja mmoja, kama kuna wanayotaka tusiyaguse. Mmoja aliniambia ameachiwa madeni na mzazi aliyefariki. Nilikuwa tayari kubadilisha kila kitu. Akasema hapana, ila wadai wa kwenye mchezo wasigonge mlango wa nyumbani kwa mhusika wake. Hawajagonga.

Nilikosea pia. Kikao cha nane kila mtu bondeni alikuwa akisema "deni": mlinzi, muuza mishumaa, hata mtoto wa mlangoni. Mtawa akaweka kalamu chini akasema, "Tumeelewa." Tangu siku hiyo neno lenyewe nimelipiga marufuku kinywani mwangu.

Badala yake nikaleta bakuli. Nililiweka katikati ya meza pamoja na mfuko wa shanga nyeusi, nikatoa kanuni moja: ukishindwa kwenye dadu, unaweza kuirusha upya papo hapo, lakini utie ushanga mmoja kwenye bakuli. Wakauliza zinahesabiwa za nini. Nikasema tuendelee. Walikopa kama watu waliopewa funguo za ghala! Mwizi alitia shanga nne kwa kufuli moja tu.

Kikao cha kumi na moja bakuli lilikuwa na shanga kumi na nne. Mganga alipita kwa yule mjane, aliyemkomboa kwa fedha zake mwenyewe, na mjane akamkaribisha vizuri, akampa kiti, kisha akamuuliza wao wawili walijuana wapi. Mwanawe alikuwa amekaa karibu na moto. Mjane akamwonyesha kwa kidole, akashusha sauti: "Na huyu ni wa nani? Tangu asubuhi yuko hapa, nami naona haya kumuuliza."

Hakuna aliyesema kitu. Mganga akalivuta bakuli, akahesabu shanga kimyakimya, midomo ikicheza.

Baada ya saa moja walikuwa kwenye daraja la kasri. Askari alihitaji 15 kwenye dadu ya pande 20 ili lango lisimwangukie. Akapata 14. Wote wakatazama bakuli, kisha wakamtazama yeye. Mwizi akasema kwa sauti ndogo, "Mmoja tu, kaka."

Askari alifunga daftari lake, akalisukuma bakuli hadi upande wa pili wa meza, akaniambia nisimulie lango linavyoanguka.